Barua ya Mwajiri

Jumanne. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi, na goti la kushoto linanisumbua.

Fomu iko mezani toka jana. Kamati ya wakazi hapa mtaa wa Jamhuri inataka kila mfanyakazi wa nyumbani alete barua ya mwajiri ndipo apewe kadi ya kupita getini. Mimi ni mwenyekiti. Inasubiri sahihi yangu tu.

Nimeshindwa kuitia sahihi, kwa sababu ya Mama Nduku.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Nilikuwa karani wa kugawa nyumba katika ofisi ya serikali katikati ya mji, nina tai mbili na muhuri mmoja, na muhuri ndio niliupenda zaidi. Saa ya chakula tulitembea barabarani, chini ya mijakaranda, kama watu wanaokagua shamba jipya. Tulikunywa chai kwenye hoteli ambazo baba zetu waliingilia mlango wa jikoni. Ninaupenda mji ule mpaka leo.

Mama Nduku alikuwa amefua na kupika katika nyumba ya Wazungu mtaa wa Kilimani miaka kumi na mmoja. Nyumba ile iliuzwa, naye akaambiwa ahame chumba cha nyuma kabla ya mwisho wa mwezi. Aliomba vyumba viwili huku Jamhuri, akae na binti yake aliyekuwa akisoma. Karatasi zake zote zilikuwa sawa, isipokuwa barua ya mwajiri.

"Memsahibu amerudi kwao Ulaya, mwanangu. Nipande ndege nikaichukue?"

"Mama, sheria ni sheria."

"Sheria ya nani? Si bendera mlibadilisha?"

Mzee Wafula, mkubwa wetu, akajibu bila kuinua kichwa, "Bendera iko nje, mama. Humu ndani ni mafaili."

Tulicheka. Hata yeye alicheka kidogo, akakunja karatasi zake, akaenda. Mwisho wa mwezi akarudi Machakos na binti yake. Sikumwona tena.

Mwaka uliofuata nilipata nyumba mimi, huku huku Jamhuri. Mwajiri wangu alikuwa serikali. Barua niliiandika mwenyewe, nikaipiga muhuri mwenyewe. Nyumba hiyo ndimo ninamoandikia haya.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikalia kiti cha Mzee Wafula, nikaupata ule waraka uliodai barua. Karatasi moja, ya wakati wa Hali ya Hatari waliyoitangaza wakoloni, ya kuzuia Mwafrika asikae mjini bila bwana wa kumdhamini. Mstari wa mwisho ulisema waraka utakoma Hali ya Hatari itakapokwisha.

Ilikwisha kabla ya uhuru.

Hakukuwa na sheria. Kulikuwa na sisi.

Watu hudhani wakoloni walituachia reli na majengo tu. Walituachia pia mazoea ya kumwuliza mtu ni nani anayemjua kabla ya kumwuliza anataka nini. Mazoea hayo ndiyo yaliyoamua nani abaki mjini, mtoto wa nani asomee hapa, nani awe na nyumba ya kurithisha. Wangu walisomea hapa. Wa Mama Nduku sijui.

Kesho saa nne kamati inakuja sebuleni kwangu. Nitawarudishia fomu bila sahihi, nao wakitaka mwenyekiti mwingine, watafute. Lakini kwanza nitawauliza swali la Mama Nduku: sheria ya nani?

Watacheka, najua. Safari hii sitacheka nao.