Ukurasa Nilioukataa Mara Tatu

3 Machi

Dada,

Nimekukosea, na nalisema hilo kabla hata ya shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Huku wazima, ila wifi yako anakohoa.

Ule ukurasa uliotuma ofisini kwetu mwaka juzi uingie kwenye maelezo ya mfumo wa kompyuta, wa kueleza jinsi kiini cha mfumo huo kinavyozima umeme wa sauti ili kuokoa chaji, niliukataa mimi. Mara tatu. Wewe ulipata jibu la ofisi lisilo na jina: mistari haijalingana, nafasi kati ya maneno zimezidi. Nilijua huoni. Nilijua mashine ikikusomea haikutajii nafasi.

Nikajidai nalinda usafi wa maelezo. Uongo. Miaka kumi na tisa nayatunza, na sikuwahi kuandika kwamba sauti ikikaa kimya kidogo inazimwa, na ikiamka inameza maneno ya kwanza. Wala mahali pa kuizuia isizimwe sikupaandika. Nilipajua. Watu walikuwa wananiuliza mimi, nikajiona mtu. Wewe ukapagundua peke yako, ukaeleza vizuri kunishinda. Nikashikwa na wivu.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mdogo wako

19 Machi

Dada, shikamoo. Hali yako? Nimempigia binti yako, kasema unakula, unalala, na barua umeisikiliza. Basi nasubiri.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Wifi mpe pole.

Nilinyamaza kwa sababu kila nilichotaka kukuambia, marehemu mama angenifinya. Unajua nilivyoachishwa kazi ya kuchapa kwa wakili? Nachapa, mashine inanisomea, mwanzo wa kila sentensi umemezwa. Na majina ya watu yako hapo hapo mwanzoni. Nikakosea matatu. Wakili akaniambia, "Mama, sasa pumzika nyumbani." Kwa upole, kama anafukuza kuku wa jirani.

Wiki kumi na moja nilitafuta tatizo. Nikaandika ili asije mwingine akaambiwa apumzike. Wewe ukakaa kunihesabia nafasi.

Sijakusamehe, nisikudanganye. Siku hizi nafundisha watu sita kuchapa, wote hawaoni. Mashine zao nimezirekebisha mwenyewe, moja moja. Wa saba, nisiyemjua, atasoma wapi?

Dada yako

14 Mei

Dada,

Shikamoo. Wifi yako amepona, anakusalimu.

Jana nilizima kioo cha kompyuta nikayasikiliza maelezo yangu kwa ile sauti inayokusomea. Ilipofika kwenye mchoro ikasema, "Mstari, mstari, nyota, mstari," dakika nne nzima. Sikuelewa kitu, na mchoro niliuchora mimi.

Leo kikaoni nimewaambia wenzangu kwamba ukurasa wako niliukataa kwa wivu. Fundi mkuu akaniuliza, "Dada yako wa tumbo moja?" Nikasema ndiyo. Akafunga daftari lake, akatoka.

Msamaha sikuombi. Ijumaa tarehe 23 Mei, kabla ya saa sita mchana, ukurasa wako utakuwa ndani ya maelezo, maneno yako yaleyale, jina lako juu. Mistari nitailinganisha mimi. Na chini yake nitaandika kwamba ulicheleweshwa miaka miwili, na aliyeuchelewesha, kwa jina langu kamili.

Mdogo wako