Swali Lililoulizwa Mbele ya Mama Mkwe

Tabora, Jumatano. Jua kali, na vumbi la stesheni limeingia mpaka kwenye chai.

Mkaguzi wa kampuni amesema leo asubuhi kwamba Machibya wa Kwihara hatalipiwa gharama za kupasuliwa ngiri. Sababu aliyoitoa ni moja: alipojiunga, Machibya alitamka kwa kinywa chake, mbele ya wakala, kuwa hana ugonjwa wowote.

Wakala ni mimi.

Kabla ya kuingia kazi hii ya bima ya matibabu nilikuwa mwandishi wa gazeti. Nimeripoti njaa na kesi za mauaji, habari za watu wengine. Ya leo ni yangu.

Wakati wa mavuno nilikwenda Kwihara kwa baiskeli na Selemani, wakala mkuu anayenifundisha. Machibya ni seremala, mtu wa miraba minne. Siku ile mama mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea, anapepeta mahindi karibu na mlango. Nilitaka kumvuta Machibya kando, Selemani akanibana mkono. "Muulize hapa hapa." Nikauliza kama ana kifua, ana homa za mara kwa mara, ana ngiri.

Machibya alitazama chini. "Mzima," akasema.

Mwanamume gani wa Kinyamwezi ataitaja ngiri yake mama mkwe akisikia? Neno lenyewe halitamkwi mbele ya mkwe, na mimi nililitamka.

Njiani Selemani alicheka. "Mbele ya mkwe hakuna mgonjwa, ndugu yangu. Mpeleke kando, atakutajia maradhi ya ukoo mzima, kampuni imkatae, nawe urudi mjini mikono mitupu."

Nilidhani ni mzaha. Kumbe ndilo lilikuwa somo.

Kabla ya adhuhuri nimepeleka jibu Kwihara mwenyewe. Nikatoa salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, "Mwangaluka." Hakuna aliyeitikia. Machibya amelala ubavu, uso umemkauka. Daktari wa misheni amemkataza kushika hata randa mpaka apasuliwe, na asiposhika randa nyumba ile haili. Mkewe, Nyamizi, alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Bwana Bima, umekuja kupima jeneza? Mbao tunazo. Fundi ndiye mgonjwa."

"Kampuni imekataa, mama."

"Kampuni siijui. Nakujua wewe. Ulikula viazi vyangu, kisha ukamvua mume wangu nguo mbele ya mama yangu."

Majirani walicheka kicheko kibaya. Mmoja aliinama akafungua upepo wa tairi langu la mbele, taratibu, akinitazama usoni. Nikaanza kuikokota baiskeli.

Mama mkwe alinifuata mpaka nje ya boma. Nilimwamkia shikamoo. Hakusema marahaba.

"Mimi nilijua anaumwa," alisema. "Kwihara nzima inajua. Nilijitia kupepeta ili mkwe wangu asiaibike. Huyo mkubwa wenu yuko wapi?"

Nikamwambia mkaguzi yuko ofisini, mjini, na kwamba Ijumaa anapanda treni ya Dar es Salaam.

"Basi kesho nitakuja nimwambie. Nitaitaja ngiri ya mkwe wangu mbele ya wanaume, mimi, katika uzee huu. Usidhani nakuja kwa ajili yako."

Jioni Selemani amepita kwangu, keshapata habari. Anataka nimzuie bibi huyo. "Akisema yeye, wewe utaulizwa nani alikufundisha. Tutafukuzwa wote wawili, na huyo seremala wako asilipwe vilevile."

Huenda kampuni isilipe kweli. Lakini sitamzuia, na nimemwambia Selemani hivyo hapo mlangoni. Ameondoka bila kuaga.

Mkaguzi atatupokea kesho saa mbili asubuhi. Nimeomba niingie mimi kwanza, nilitaje swali, mahali nilipoliuliza na aliyenibana mkono, ili bibi akiingia asilazimike kuitaja ngiri, aseme tu kwamba alikuwepo.