Kiungo Nilichokiweka Mimi

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: Shangazi amesimamishwa kazi kwa kosa langu. Sasa nakusalimu. Hamjambo huko? Mtoto ameacha kukohoa? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Huyu Shangazi si wa kwetu. Kazi yake ofisini ni kujaribu programu kabla hazijatoka, na wote humwita hivyo kwa jinsi anavyotugombeza. Tunatengeneza programu ya maduka ya dawa. Malalamiko ya wateja yana mfumo wake, waandishi wa programu wana wao, wajaribuji wana wao, na mifumo hiyo haijuani hata kwa salamu. Mimi naweka viungo: ukibofya lalamiko, upelekwe kwenye marekebisho, kisha kwenye jaribio linalothibitisha kwamba yamefaulu. Viungo vikitimia, alama nyekundu hugeuka kijani.

Lalamiko moja lilihusu kipimo cha dawa ya watoto. Nilitafuta jaribio lake, sikuliona. Ningeinuka tu nimuulize Shangazi. Lakini unanijua. Siku ya kwanza aliniambia mbele ya watu kwamba nikitaka kitu niseme, yeye hali mtu, labda siku akikosa chakula cha mchana. Walicheka, nami nikajikunyata hadi leo. Basi nikaunganisha jaribio la dawa ya watu wazima, nikijiambia nitarekebisha baadaye. Ikawa kijani. Meneja akaona kijani tupu, programu ikatoka.

Mfamasia mmoja akapiga simu: programu ilimwandikia mtoto kipimo cha mtu mzima. Alishtuka kabla chupa haijatoka dukani, Mungu ni mwema. Meneja akafuata kiungo, akakuta jaribio lenye jina la Shangazi, wala hakulisoma ndani. Shangazi akaapa kwamba lalamiko la dawa ya watoto halikuwahi kumfikia. Meneja akamjibu kwamba kompyuta haina sababu ya kumsingizia. Kisha akaninyooshea kidole, akasema wengine waniige, nafanya kazi bila maneno mengi. Nilitazama kucha zangu, dada.

Shangazi alipokusanya vitu vyake alinisukumia kiti chake chenye mto. Akasema, "Chukua, mwanangu. Hicho chako kitakuvunja mgongo."

Sijakikalia.

Keshokutwa kuna kikao cha kuamua kama afukuzwe. Kesho nitampitia nyumbani kwake nimwambie, kisha twende wote kwa meneja nimwonyeshe kiungo chenyewe. Huenda nikafukuzwa mimi, na mama ameshawatangazia majirani kwamba bintiye ni mtu wa kompyuta. Nimekuandikia barua pepe kwa sababu kwenye simu ningelia, na kazi hiyo nataka niiweke kwa ajili ya kesho.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Ila hili usimwambie yeyote, hasa mama. Namjua, atampigia meneja kuniombea msamaha kabla sijafika mlangoni kwa Shangazi. Nitunzie siri hii, dada, mpaka Shangazi mwenyewe aisikie kwa kinywa changu.

Mdogo wako akupendaye