Besi Iliyopotea Kwenye Gari la Papa Déo

Ndosho, Goma

Mama yangu mpenzi,

Bwana awe nawe na nyumba yote. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Butembo? Mvua imeyaacha maharage? Mimi ni mzima. Nasema hivyo mapema kwa sababu binamu yetu Kasereka ameondoka hapa na lori lake akiwa na habari nusu, na ulimi wake hufika kabla ya gari. Atakuambia niliitwa mwizi mbele za watu. Ni kweli niliitwa. Keti, unisikie mwenyewe.

Papa Déo hukodisha gari lake kwa maharusi. Linatangulia msafara, besi inapiga, watu wanatoka majumbani kutazama. Aliniletea spika za milango miwili ya mbele, bafle kama wanavyoziita hapa, karatasi zake zinazotetemeka kutoa sauti zimechanika kwa vumbi. Nikazibandika, nikazirudisha, nikajaribu kila moja peke yake. Zililia vizuri, nikaridhika. Jumamosi asubuhi akarudi, maua yamefungwa mbele ya gari, anapiga kelele tangu barabarani.

"Ulinibadirishia bafle! Zangu zilikuwa zinapiga mpaka mu kifua, sasa zinalia sawa simu. Uko mwizi!"

Mama, unajua neno hilo linavyowasha watu. Vijana wa pikipiki walizima injini, wakatuzunguka. Mmoja akaokota jiwe, na Ndosho mawe hayatafutwi. Niliogopa sana.

"Papa, unipatie nafasi niangarie," nikasema. "Miye sitakimbia, kazi yangu iko hapa."

"Mumuache aangarie kwanza!" akasema mama muuza makaa, jirani yangu, akasimama kati yangu na mwenye jiwe. Ni mnene kama wewe, Mungu ambariki.

Nikaingia garini. Nikaacha spika ya kushoto peke yake: besi ipo. Ya kulia peke yake: ipo. Nikafungulia zote mbili, besi ikatoweka. Hapo nikajua. Zilikuwa zinapingana, moja ikisukuma nyingine inavuta, na sauti nzito inafia katikati. Nyaya za gari lile zote ni nyeusi, na mimi nilizifunga kwa kukisia.

Ningeweza kugeuza waya kimya kimya na kumlaumu fundi wa zamani. Nilitamani, nakuambia kweli. Lakini macho yote yalikuwa kwenye mikono yangu. Nikafungua milango, nikachomoa redio, nikaazima betri ya tochi ya mama wa makaa, nikaigusisha kwenye nyaya za kila upande kwa namna ileile. Karatasi ya kulia ikaruka nje. Ya kushoto ikavutwa ndani.

"Munaona? Hii inatoka, hii inaingia. Bafle ni zake. Ni mimi njo nilifunga nyuzi vibaya. Kukosea, nilikosea. Kuiba, hapana."

"Basi haujue kazi!" mmoja akapaza sauti, wakacheka. Kicheko kile kiliniuma, Mama. Lakini aliyekuwa na jiwe naye alicheka.

Nikageuza waya. Papa Déo akafungulia muziki, maua yakatetemeka. Hakuniomba radhi. Alisema tu bibi harusi anamngoja, akaondoka, na besi yake tukaisikia mpaka ilipopotea upande wa Keshero. Nikaingia ndani nikalia. Mama wa makaa aliniacha nilie, kisha akadai betri yake.

Najua huko watasema lisemwalo lipo. Na wewe uliyesema fundi wa kike hapati mume, usifurahi mapema, bado natafuta.

Nisalimie Baba, mwambie redio yake asiifungue kwa kisu. Msalimie shangazi Masika na sauti yake ya kwaya, na mdogo wangu Katungu, asiache shule.

Mama, wakikuambia mwanao ameiba, kataa mbele yao. Wakikuambia alifunga waya vibaya, kubali, ni kweli.

Ni mimi binti yako,
Kavira