Maji ya Kutawadhia

Buyenzi, Jumatano, Agosti 2004

Na bado wanasema komini, hizi serikali zetu za mitaa, zitajitawala! Zitajitawala na nini, kama zahanati yetu robine zote tatu za maji zimekauka, na kule Kinindo kwa matajiri watu wanamwagilia maua asubuhi na jioni? Kodi tunalipa sawa na wao. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi na kila mara inanikasirisha.

Leo alasiri binti yangu Zaina alishikwa na uchungu. Muuguzi akatusimamisha mlangoni. "Bila maji simupokei, mama. Leta bidoni ine." Madumu manne! Mimi nilikuwa na moja, tena nusu. Barabara zilikuwa karibu kufungwa kwa amri ya kutotembea usiku, hospitali ya mjini ni mbali. Niliogopa sana, sifichi.

Jirani yangu Mama Shabani akapaza sauti njiani: "Zaina anazaa! Leteni maji!"

Majirani wakaja, kila mmoja na bidoni yake. Mzee Yusufu, fundi wa magari, akatua bidoni yake. "Ni ya kutawadhia. Mi nitatayamamu, nijipake mchanga usoni."

"We muzee, na hizo ndevu?" Mama Shabani akamtania. "Utatoka na kiwanja kizima!"

Tulicheka, hata Zaina, katikati ya uchungu. Muuguzi akahesabu bidoni, akampokea.

Mtoto wa kiume. Analia kwa nguvu, mama yake mzima. Alhamdulillahi.

Bidoni moja imebaki imejaa. Nimewauliza wote, kila mmoja anasema si yake. Waongo wakubwa, Mungu awabariki. Kesho naiacha mlangoni pa zahanati, maana binti wa mtu mwingine atafika pale na ataulizwa maji.