Nimelala kwa Nanjala

Navakholo, Kakamega

Mama Nanjala,

Mimi mumeo wa miaka themanini na moja nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeishi miaka mingi kuliko machifu wanne, kuliko shamba la mkonge lililoniajiri, kuliko yule daktari aliyesema sitafika sabini. Nilienda kumzika kwa miguu. Kwa hivyo safari ya kutoka Taveta haikuniweza. Kwenye basi vijana walitapika, mimi nikala mayai.

Goti lako likoje? Yule mbuzi mwekundu amezaa? Mimi ni mzima. Sikupigi simu kwa sababu kwenye simu unanikatizanga, na habari hii nataka uisikie mpaka mwisho. Anayekusomea asiruke mahali.

Najua ulivyonituma. Ulisema, "Usirudi kabla Nanjala hajafunga hicho kisiagi." Mkwe naye alikuwa ametulilia sote wawili, ati tangu achaguliwe mbunge watu wanamcheka. Mkewe anasaga mahindi ya watu sokoni, nyusi nyeupe kwa unga, badala ya kukaa nyumba ya mjini Kakamega apokee wageni. Nilikubali. Niliona mtoto wetu anamwaibisha mwanamume.

Nilimkuta siku ya soko. Akina mama wamejipanga na gorogoro zao, yale makopo ya kupimia mahindi, mkanda wa injini umechomoka, na yeye amelala chini anaurudisha. Akaniona miguu tu.

"Baba! Shika hapa kwanza, utanisalimia baadaye!"

Nikashika. Nani mwingine wa rika langu angeshika? Mama mmoja kwenye foleni akauliza, "Huyu ndiye mkwe wa mheshimiwa?"

Nanjala akajibu kutoka huko chini, "Huyu ni babake Nanjala."

Jioni ikaja shida ya kulala. Mkwe ni mtoto wa kwetu, anajua mzee halali kwa binti yake aliyeolewa, kwa hivyo alinilipia chumba cha hoteli mjini. Nilikataa. Mimi silali kitanda ambacho sijui jana kililaliwa na nani. Nikamwambia Nanjala nitaomba benchi kanisani.

"Lala hapa," akasema. Nyuma ya kisiagi ana vyumba viwili.

"Unataka nipate laana? Kwako ni kwa mume wako."

"Kwa mume wangu ni mjini, na huko naendanga kila Ijumaa. Hapa nilijenga kabla sijamjua. Hajawahi kulala hapa hata siku moja, na sijamkataza. Anasema kuna vumbi."

"Na ukifunga, utapungukiwa na nini? Si una nyumba kubwa?"

Akakung'uta kitambaa cha kichwa. "Baba, huko mjini wageni wananywa chai yangu na hakuna anayejua jina langu. Mama Mheshimiwa, Mama Mheshimiwa. Siku akishindwa kura nitaitwa nani? Nampenda, baba. Kura yangu ni yake. Lakini hapa mtu akitoka kwake na mahindi anasema, naenda kwa Nanjala."

Niliona hivi. Nikikataa kulala, nimesema mtoto wangu hana kwake. Nikilala, nimekubali hii ni boma yake, na kesho sina mdomo wa kumwambia afunge.

Nilivua viatu. Tukala obusuma, ugali wetu, na kuku, nikalala.

Asubuhi mkwe akafika na magari mawili. Akasimama mbali kidogo kwa heshima, kofia mkononi.

"Baba, hotelini wamesema hukufika. Ulilala wapi?"

"Kwa Nanjala."

Foleni yote ikageuka kuniangalia. Wote ni watu wa hapa, walijua nimesema nini. Mkwe akaangalia mlango, akaniangalia mimi.

"Ndani, baba?"

"Ndani. Na nilikoroma."

"Basi umeshaamua."

"Sijaamua kitu. Nimelala tu."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini kidogo. Nilimhurumia. Si kijana mbaya, na macho yake yamechoka. Akamgeukia mkewe, akauliza polepole, "Na mimi nikitaka kulala hapa siku moja?"

"Piga hodi kama watu wengine," Nanjala akasema.

"Mimi nikishaondoka! Mkwe halali nyumba moja na baba mkwe," nikawaambia wote wawili.

Nanjala akamkung'uta vumbi begani. Mkono wenyewe ulikuwa na unga, kwa hivyo mkwe aliingia kwenye gari na alama ya vidole vitano kwenye suti nyeusi. Wasaidizi wake waliiona. Akawakataza kuipangusa.

Kwa hivyo narudi, Mama Nanjala, na kisiagi kinasaga. Kasirika, lakini ukinifungia mlango, sasa najua pa kulala.

Nisalimie mdogo wangu, arudishe jembe langu. Msalimie mke wa mwanetu anayekuchotea maji, na dada yako, hata kama hanipendi.

Na ukisema naongeza chumvi, muulize Mama Rispa anayeuza mboga ng'ambo ya barabara, alisikia nikikoroma. Muulize katekista, alikuwa wa pili kwenye foleni. Au mpigie mkwe mwenyewe, umuulize baba yake Nanjala alilala kwa nani.

Mzee wako,
Makokha