Sahani ya Peke Yangu

Unyambwa, Jumapili usiku, Mei 1970

Na kijiko pia! Mama amekitoa wapi kijiko?

Mwaka mzima kule chuoni Dar es Salaam nimekula mezani na vijana nisiowazoea, kila mtu na sahani yake. Nilikuwa najifariji kwamba likizo ikifika nitakaa chini na Baba na kaka zangu, tumege ugali wa uwele pamoja. Leo ndiyo nimefika. Wao wamekula uani. Mimi nimeandaliwa ndani, peke yangu, kwenye meza iliyoazimwa kwa mwalimu.

Nilipowasikia wanacheka nikabeba sahani yangu, nikatoka. Kicheko kikakatika. Kaka mkubwa akainuka anipishe kwenye kigoda chake, yeye aliyekuwa akinichapa mkono nikigusa nyama kabla yake.

"Nitakaa hapa chini," nikasema, kwa Kinyaturu.

Baba akanijibu kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kuongea na bwana shamba. "Hapana, utachafua suruali. Rudi ndani, mwanangu, ule vizuri."

Nikarudi. Ningefanya nini? Wangenikosea ningekasirika, nikalala. Lakini hii ni heshima, na heshima unaikataaje mbele ya baba yako...

Mama alipokuja kuondoa vyombo aliinama karibu yangu, akauliza taratibu, "Na huko chuoni mnakula hivi hivi?"

Nikamwambia ndiyo, Mama, hivi hivi kabisa.

Akafurahi sana.